Bei ya Mtandaoni Ilinichezea

Jaketi moja Sh1,000. Hiyo ndiyo bei niliyoiona kwenye simu, kutoka kwa muuzaji wa Guangzhou, Uchina. Hapa Nairobi jaketi kama hiyo unaiuza Sh1,800 bila jasho. Nikaagiza 50, nikaposti picha, na kabla meli haijatia nanga Mombasa, wateja 11 walikuwa washanilipa. Mimi huyo, tajiri mtarajiwa!

Halafu ajenti wa forodha akapiga simu. "Kijana, andaa elfu thelathini na nne za ushuru, na kitu kidogo cha zile ada zingine."

Nikamwambia anaangalia mzigo wa mtu mwingine. Wapi! Ulikuwa wangu. Jaketi zilinigharimu Sh50,000, nauli ya meli na bima Sh10,000. Kumbe KRA haiangalii bei ya muuzaji pekee. Mzigo wa baharini unahesabiwa pamoja na nauli na bima yake, kwa hivyo thamani yangu ilianzia Sh60,000.

Nguo kutoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki zinatozwa asilimia 35 tangu Julai 2022, ili viwanda vya huku vipate kupumua. Hapo Sh21,000 zikaenda. Kisha VAT ya asilimia 16, na hapa ndipo nilitafuta kiti: haihesabiwi kwa ile 60,000, inahesabiwa kwa 81,000. Yaani unalipa ushuru juu ya ushuru. Sh12,960 zingine.

Gawanya mwenyewe. Kila jaketi ilikuwa imefika Sh1,879, na bado hujaweka ada ya tamko la uagizaji, tozo ya reli na pesa ya ajenti.

Beshte wangu alinicheka, eti ningetumia wale wa "lipa kwa kilo, ushuru ndani". Wengine ni wa kweli. Lakini ukimwitisha mtu risiti ya ushuru na aanze kukuita "bro" kila sentensi, jua mzigo ukishikwa utakaolia ni wewe.

Wale 11 niliwapa jaketi zao kwa bei tuliyopatana. Zilizobaki nauza Sh2,300, na zinatoka polepole. Siku hizi kabla sijaagiza chochote namtumia ajenti picha kwanza. Juzi nilimuuliza kuhusu laptopu, akaniambia hazina ushuru wa forodha, ni VAT na zile ada tu. Nimeanza kuchanga.