Kupasha Chumba Joto Bila Kuhatarisha Uhai

Katika nyanda za juu za Tanzania, kama vile Makete na Njombe, joto la usiku wa Juni na Julai huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Nyumba nyingi hazina mfumo wa kupashia joto, hivyo baadhi ya familia huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga mlango na madirisha, kisha hulala. Desturi hii huweza kusababisha vifo vinavyozuilika.

Mkaa uliokolea hautoi moshi, ndiyo maana wengi huuona kuwa salama. Hata hivyo, huendelea kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Gesi hiyo hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na hivyo kuunyima ubongo na moyo oksijeni. Aliyelala huweza asizinduke, kwani hakuna kinachomkera puani wala kooni.

Kwa watoa huduma za afya

Dalili za awali ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu; zikizidi, mgonjwa huchanganyikiwa au hupoteza fahamu. Ni rahisi kuzidhania kuwa malaria au sumu ya chakula. Watu kadhaa wa nyumba moja wanapougua kwa pamoja asubuhi, ni muhimu kuuliza walilala na nini chumbani.

Kipima oksijeni cha kidoleni kisiaminiwe, kwani huweza kuonyesha kiwango cha kawaida ilhali mgonjwa yumo hatarini. Mgonjwa atolewe nje, apewe oksijeni nyingi kwa barakoa bila kusubiri vipimo, na apewe rufaa. Kwa hewa ya kawaida, kiasi cha gesi katika damu hupungua kwa nusu katika muda wa saa 4 hadi 5. Kwa oksijeni, muda huo hufupika hadi takriban saa 1 na nusu au chini yake. Mjamzito huhitaji uangalizi mrefu zaidi, kwa kuwa mtoto aliye tumboni huchelewa kuondokana na sumu hiyo.

Kwa familia

Shirika la Afya Duniani linapendekeza joto la ndani lisilopungua nyuzi 18 wakati wa baridi. Kiasi cha joto kinachohitajika hutegemea kiasi kinachopotea, na kingi hupotea kupitia paa lisilo na dari, nyufa za milango na sakafu tupu ya saruji. Kwa hiyo, kuweka dari, kuziba nyufa na kutandika mkeka au zulia hupunguza mahitaji ya moto.

Mpangilio wa hatua hizi una maana kubwa. Jiko la mkaa litolewe kwanza, ndipo nyufa zizibwe, na tundu la kupitishia hewa libaki wazi. Kuziba nyufa huku mkaa ukiwaka ndani ni kuifungia sumu pamoja na walalao. Anayehitaji moto ndani atumie jiko lenye dohani inayotoa moshi nje ya nyumba.

Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa hupasha kitanda vizuri, ila iondolewe kabla ya kulala kwa mgonjwa wa kisukari mwenye ganzi miguuni, kwani huweza kuungua bila kuhisi. Kwa mtoto mchanga, joto lililo bora ni la kifua cha mama, ngozi kwa ngozi.