Sijaugua Mwaka Mzima, Kadi ya Nini?

Wazazi wengi wanapotakiwa kulipia kadi ya matibabu huuliza hivi: “Nyumbani kwangu mwaka mzima hakuna aliyeugua. Fedha yangu imekwenda wapi?”

Imemtibu jirani. Hapo ndipo wengine hukasirika. Lakini tazama mchango wa mazishi: nani hudai arudishiwe fedha kwa kuwa nyumbani kwake hakufa mtu? Akidai, atachekwa.

Hapo zamani wagonjwa wengi nchini Tanzania walitibiwa bure katika hospitali za serikali. Mwaka 1993 ulianza utaratibu wa kuchangia gharama. Mgonjwa akatakiwa kulipa siku ileile anapoumwa, yaani siku asiyoweza kulima wala kuuza. Ndipo mwaka 1996 wilaya ya Igunga ikajaribu Mfuko wa Afya ya Jamii. Kaya ililipa shilingi 5,000 kwa mwaka, na serikali ikaongeza kiasi kama hicho. Ndiyo “tele kwa tele”. Sheria ya mwaka 2001 ikaueneza mfuko huo wilaya nyingine.

Ila kujiunga kulikuwa hiari. Wenye mgonjwa ndani walikuja mbio, wenye afya wakasubiri. Mfuko wa wagonjwa watupu haudumu, hata mhasibu wake awe mtakatifu.

Ndiyo maana sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, inamtaka kila mkazi awe na bima. Je, ni haki kumlazimisha mtu? Papa Yohane XXIII, katika barua yake Pacem in Terris ya mwaka 1963, alihesabu matibabu miongoni mwa haki za binadamu. Haki isiyo na mlipaji, hata hivyo, haimpatii mtoto sindano. Naona ni haki kutulazimisha, mradi dawa ziwepo. Mzazi mwenye kadi akiambiwa akanunue dukani, amelipa mara mbili.

Na maskini je? Sheria inasema asiye na uwezo agharimiwe, na sehemu ya fedha itoke katika kodi za soda, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Hilo ni jema. Lakini nani atamtambua? Akiachiwa kiongozi mmoja, ndugu zake watakuwa maskini wa kwanza, na mjane asiye na msemaji atabaki nje. Siku mkutano wa kijiji utakapojadili majina hayo, usikose. Kama bibi jirani yako hayumo, inuka useme.