Kutwa Nzima juu ya Ziwa Kivu

Wako watu wanaodhani kwamba kusafiri polepole majini ni kupoteza siku. Hao huchagua mashua za haraka ziendazo Bukavu hata Goma kwa saa chache, na wakishuka hawana la kusimulia ila kelele za mashini. Lakini mtu apandaye meli ya polepole asubuhi, akakaa nje mpaka jioni, huona mambo ambayo mwenye haraka hayaoni. Na tumfuate, ndugu msomaji.

Meli yaiacha Bukavu, mji uliojengwa juu ya rasi ziingiazo ziwani kama vidole vya mkono. Ziwa liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo upepo wa asubuhi ni wa baridi, na mama mwenye mtoto mchanga afanya vema kuchukua blanketi. Hapo Bukavu ndipo Mto Ruzizi utokapo, ukielekea Ziwa Tanganyika. Kutoka Tanganyika maji hushika Mto Lukuga, huingia Lualaba, ndio mto wetu mkubwa wa Kongo, na mwisho humwagika katika Bahari ya Atlantiki. Wanafunzi, ifuateni njia hii kwa kidole katika ramani zenu!

Zamani sana haikuwa hivyo. Maji ya bonde hili yalikwenda kaskazini, upande wa Ziwa Edward na Mto Nile. Kisha volkano za Virunga zikatema moto, na mawe yaliyoyeyuka yakaziba njia kama ukuta. Maji yakajaa, yakapanda, hata yakapata mlango wa kusini.

Baadaye chaonekana Idjwi, kisiwa chenye urefu wa kilometa 40 hivi. Meli huenda kandokando yake kwa muda mrefu, na msafiri huangalia migomba, mibuni na mashamba ya mananasi yakishuka mpaka ufukoni.

Jua likiinama, wavuvi hutoka. Mitumbwi yao hufungwa mitatu pamoja kwa miti mirefu, na usiku huwasha taa ili kuwavuta sambaza. Je, mwajua kwamba samaki hawa si wenyeji wa Kivu? Waliletwa kutoka Tanganyika mnamo mwaka 1959, na leo ni kitoweo cha nyumba nyingi.

Lakini uso wa maji hauonyeshi yote. Kina cha ziwa chafika karibu mita 480, na huko chini imo gesi nyingi, pamoja na ile iwakayo. Upande wa Rwanda, kituo cha KivuWatt kilianza kuigeuza kuwa umeme; kilifunguliwa rasmi mwaka 2016. Wazee wetu walisema kweli: maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Tena hatari iliyo karibu zaidi haitoki chini ya ziwa, bali katika tamaa ya watu. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova, ikiwa imejaa kupita kiasi, ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma. Makumi ya watu walikufa, nao walikuwa wamekwisha kuiona nchi kavu. Watu waliokuwa bandarini waliwatazama, wasiweze kuwasaidia wote.

Basi, baba wa nyumba, kabla hujalipa nauli, angalia kwanza chombo chenyewe. Ubavu wake umezama mno? Mizigo imerundikwa mpaka juu ya vichwa vya watu? Kila abiria, hata mtoto, anayo jaketi ya kuokolea? Ukiona mashaka, shuka, ungoje chombo kingine, hata kama ni kesho. Kulala usiku mmoja bandarini kwaweza kuokoa jamaa nzima. Nanyi watoto, msimcheke baba arudishaye mizigo pwani: amepima vema.