Mwiba wa Sangara na Hukumu ya Ubongo

Asimamaye alfajiri pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, wakati mitumbwi inapofunga na sangara wanapoteremshwa, aghalabu humwona mvuvi akichomwa na mwiba wa pezi, akaurudisha mkono kwa ghafula kabla hajapata kusema neno. Na baada ya kitambo kisichozidi pumzi moja, ndipo maumivu mengine, mazito na ya kuungua, yanapomjia polepole na kukaa. Khabari ni moja, ila njia ni mbili: mishipa ya fahamu iliyovikwa ala ya mafuta huipeleka kwa kasi ya mita 5 hadi 30 kwa sekunde, ilhali ile myembamba isiyokuwa na ala huikokota chini ya mita 2. Nao mkono haukungoja idhini ya ubongo, kwani amri ya kuurudisha ilitoka katika ugwe wa mgongo.

Kisha huusugua. Wazee wetu walifanya hivyo bila ya kufundishwa, hata Ronald Melzack na Patrick Wall wakalitolea hoja mwaka 1965, kwamba ndani ya ugwe wa mgongo mna mfano wa lango, ambalo khabari za mguso, zipitazo katika mishipa minene, hulirudisha kidogo mbele ya khabari za maumivu. Mchoro wao umesahihishwa mahali pengi; lango lingalipo.

Kwa hakika kidonda hakipeleki maumivu, hupeleka khabari ya madhara tu, na kadhi ni ubongo. Mvuvi wa dagaa aliyekatwa kiganja na kamba, usiku usio na mbalamwezi, dhoruba ikiwa imechafua ziwa, aweza kupiga kasia mpaka ufukweni asihisi kitu, na jeraha likaanza kumuuma akiisha kuketi salama. Ubongo ulikuwa umeteremsha amri ya kulifunga lango, kwa dawa ya mwili wenyewe, jamii ya afyuni, ambayo John Hughes na Hans Kosterlitz waliitambua huko Aberdeen mwaka 1975. Mofini anywayo mgonjwa wa saratani katika hospitali ya kilimani Bugando hushika mahali pale pale ishikapo dawa hiyo.

Wako pia waumwao unyayo wa mguu uliokwisha katwa zamani, wakadhaniwa wamerogwa. Hawakurogwa, wala hawasemi uongo: ramani ya mguu ingali ubongoni, na kadhi, akikosa shahidi, huhukumu vivyo hivyo. Tabibu mwingine huweka kioo kando ya mguu uliobaki, mgonjwa akautazama ukijikunja mahali pa ule usiokuwapo. Na wako wapatao nafuu.