Mashine yako ya CNC inatetemeka kwenye kona? Ubongo wa mwendo unaweza kuuandika wewe

Itazame ruta ya CNC ikichonga mlango wa mahogani. Ikikaribia kona inapunguza mwendo, inageuka, halafu inachapa mbio tena. Mota haziamui hayo. Kuna kipande cha programu kinachopanga kila kitu: kasi ipande vipi, breki zishikwe lini.

Kwenye LinuxCNC, kipande hicho unaweza kukitoa na kuweka chako. Programu hii huria ilitokana na kazi ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, miaka ya 1990. Ilikuwa ikiitwa EMC hadi 2011.

Kwa nini uisumbue? Kwa miaka mingi mpango wake wa kawaida umekuwa ukiongeza na kukata mchapuko kwa ghafla, kama dereva wa matatu aliyeona abiria mbele. Fremu nzito haijali. Ile nyepesi uliyochomelewa jua kali inatikisika, na mbao inabaki na alama za mawimbi. Ila tuambiane ukweli: wengi wanaowaza moduli mpya wangepona kwa kupunguza tu MAX_ACCELERATION kwenye faili ya INI, au kwa kuipa G64 kipimo kizuri cha P. Anza hapo.

Bado inatikisika? Basi twende kazi. Toleo la 2.9 linakuruhusu kupakia mpango wako kama moduli ya kando. Unachukua kiolezo kinachoitwa tpcomp.comp, unaandika hesabu zako kwa lugha ya C, unakijenga kwa halcompile --install, kisha chini ya [TRAJ] kwenye INI unaweka TPMOD = tpcomp. Ukiharibu, futa mstari huo na mpango wa zamani unarudi.

Ugumu uko kwingine. Kwa kawaida msimbo wako utaitwa kila milisekunde 1, yaani mara 1,000 kwa sekunde, na kila mara lazima ujibu kabla ya zamu inayofuata. Hakuna kusoma faili humo ndani, hakuna kungojea kitu. Halafu mtu atabonyeza pause katikati ya mkato, au ashushe kasi hadi asilimia 20 kisha airudishe. Moduli inayochora mistari mizuri lakini haijui kusimama itakuvunjia kikata, au kidole.

Kwa hivyo jaribu kwanza kwenye usanidi wa kuigiza, ambao hauhitaji mashine yoyote, huku ukitazama mchoro wa kasi kwenye halscope. Ukiona mruko wa ghafla, rudi kwenye msimbo. Kitufe cha dharura nacho kikate umeme wa mota kwa waya, kisitegemee programu uliyoandika jana usiku.

Ukifika kwenye mashine yenyewe, toa kikata, inua Z juu kabisa, mkono ukae kwenye kitufe. Mbao ya kwanza iwe ya saipresi. Mahogani ni ghali, bwana.