Si Kila Homa ni Taifodi

Aghalabu mtu wa Bofa akiharisha, akitapika na kushikwa na homa, jirani hakawii kutoa hukumu: ni taifodi. Neno hilo limezoeleka vinywani mwetu hata limeyameza maradhi mengine yasiyo na jina katika lugha yetu. Mojawapo ni salmonela itokayo kwa wanyama.

Taifodi, yaani homa ya matumbo, huletwa na aina moja ya bakteria wa jamii ya salmonela. Aina hiyo huishi mwilini mwa binadamu pekee, na huenea kwa maji au chakula kilichoingiwa na kinyesi chake. Jamaa zake, hata hivyo, ni wengi, na makao yao ni matumbo ya kuku, bata, ng'ombe, mbuzi na hata mijusi. Kuku huweza kuwabeba bila kuonyesha dalili yoyote. Jina lenyewe latokana na Daniel Salmon, daktari wa mifugo wa Marekani, ambaye chini ya uongozi wake bakteria hao walitambuliwa mwaka 1885.

Kosa la jina huzaa kosa la kinga. Aaminiye kuwa adui yumo majini tu huchemsha maji ya kunywa, na hapo hufanya vyema. Lakini kuku wakilala jikoni, mtoto atatambaa penye kinyesi chao. Kisu kilichokatia kuku mbichi kisipooshwa kitakatia kachumbari.

Mtu mzima mwenye afya hupona kwa siku chache. Mtoto mchanga, au mwenye malaria, utapiamlo au ugonjwa wa selimundu, yumo hatarini: bakteria huweza kuingia katika damu na kumwua. Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, walioanza kazi Kilifi mwaka 1989, walieleza mwaka 2011 kwamba malaria ilipopungua huko kati ya 1999 na 2007, maambukizi ya bakteria katika damu ya watoto yalipungua pia. Chandarua, basi, kina faida mbili.

Haki yadai tusimtwike kuku lawama zote. Utafiti wa Kenya uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa bakteria wa watoto waliougua vibaya walifanana na wale wa jamaa zao wa nyumbani kuliko wale wa mifugo. Choo na sabuni, kwa hiyo, ni lazima vilevile.

Yatupasa tujenge banda la kuku mbali na jiko, tunawe mikono baada ya kuwashika, na tupike nyama na mayai yaive barabara. Isitoshe, tusinunue dawa dukani kwa kutegemea jina alilotaja jirani. Tumpeleke mgonjwa hospitalini apimwe. Nao waelimishaji wa afya wautaje ugonjwa huu kwa jina lake, kwani ni vigumu kujikinga na usichoweza kukitaja.