Bobby Hurley

Robert Matthew "Bobby" Hurley (alizaliwa Jersey City, New Jersey, 28 Juni 1971) ni mchezaji wa zamani na kocha wa mpira wa kikapu kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa misimu minne aliyoichezea timu ya Chuo Kikuu cha Duke (1989–1993). Akiwa huko alitwaa ubingwa wa taifa wa vyuo mara mbili na kutoa asisti 1,076, rekodi ya daraja la kwanza la wanaume katika NCAA iliyodumu kwa zaidi ya miaka 30.

Nafasi yake uwanjani

Hurley alikuwa mwongoza mchezo, nafasi ambayo wachezaji huiita namba moja. Mchezaji huyu ndiye anayepandisha mpira kutoka upande wa timu yake, huamua shambulizi lianze vipi na huwagawia wenzake mipira. Mara nyingi ndiye mfupi kuliko wote kikosini. Hurley ana kimo cha sentimita 183 hivi.

Kazi ya namba moja hupimwa hasa kwa asisti, yaani pasi inayomwezesha mwenzake kufunga papo hapo. Mpokeaji akikosa kikapu, pasi hiyo haihesabiwi hata kama ilikuwa nzuri. Kwa hiyo asisti nyingi huonyesha ustadi wa mtoaji pamoja na ule wa wapokeaji. Pale Duke, Hurley alicheza na wafungaji hodari, wakiwemo Christian Laettner na Grant Hill.

Maisha ya awali

Baba yake, Bob Hurley, alikuwa afisa wa kusimamia wahalifu wanaotumikia adhabu nje ya gereza. Wakati huohuo alifundisha mpira wa kikapu katika shule ya sekondari ya Kikatoliki ya St. Anthony mjini Jersey City. Shule hiyo ilikuwa ndogo na haikuwa na ukumbi wake wa michezo, lakini baba huyo aliiongoza kutwaa ubingwa wa jimbo mara nyingi. Mwaka 2010 aliingizwa katika Ukumbi wa Umashuhuri wa Naismith. Shule ilifungwa mwaka 2017.

Bobby alichezea timu ya baba yake. Katika msimu wake wa mwisho, uliomalizika mwaka 1989, St. Anthony ilishinda michezo yote 32. Mdogo wake, Dan Hurley, naye alikuwa kocha na aliiongoza timu ya Connecticut kutwaa ubingwa wa vyuo mwaka 2023 na 2024.

Miaka ya Duke

Kocha Mike Krzyzewski alimpa Hurley nafasi ya kuanza tangu mwaka wake wa kwanza. Mwaka 1990 Duke ilifika fainali, ikafungwa na Nevada-Las Vegas (UNLV) kwa pointi 103 kwa 73. Hakuna fainali nyingine ya mashindano hayo iliyowahi kumalizika kwa tofauti kubwa hivyo. Hurley alicheza siku hiyo akiumwa tumbo. Baadaye kocha alimwonyesha picha za video zake mwenyewe akikunja uso na kunung'unika uwanjani, ili aone jinsi hali ya kiongozi inavyowaathiri wenzake.

Mwaka 1991 timu hizo zilikutana tena katika nusu fainali. UNLV ilikuwa haijapoteza mchezo hata mmoja msimu huo. Zikiwa zimebaki dakika mbili na ushei, UNLV ikiongoza kwa 76–71, Hurley alifunga mtupo wa pointi tatu uliorudisha matumaini. Duke ilishinda 79–77, kisha ikaifunga Kansas 72–65 na kupata ubingwa wake wa kwanza.

Msimu uliofuata Hurley alivunjika mfupa wa mguu katika mchezo dhidi ya North Carolina, akakosa michezo kadhaa. Alirudi kabla ya mashindano ya taifa. Katika nusu fainali dhidi ya Indiana alifunga pointi 26, na katika fainali Duke iliishinda Michigan 71–51. Alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa hatua ya timu nne za mwisho. Duke ilikuwa timu ya kwanza kutetea ubingwa huo tangu UCLA mwaka 1973.

Alimaliza chuo mwaka 1993 akiwa na pointi 1,731 katika michezo 140. Duke iliistaafisha jezi yake namba 11.

Ajali na NBA

Mwaka 1993 Sacramento Kings ilimchagua akiwa wa saba katika drafti ya NBA. Usiku wa 12 Desemba 1993, akirudi nyumbani baada ya mchezo, gari lake liligongwa na gari lililokuwa likienda bila kuwasha taa. Hurley hakuwa amefunga mkanda, akarushwa nje hadi kwenye mfereji wa maji. Bomba la hewa lilikuwa limechanika kutoka pafu la kushoto, na alivunjika mbavu na mfupa wa bega. Upasuaji wa haraka ulimwokoa.

Alikuwa amecheza michezo 19 tu ya NBA. Alirejea uwanjani msimu uliofuata, ila hakufikia tena kiwango cha awali. Baada ya misimu mitano akiwa Sacramento na kisha Vancouver Grizzlies, wastani wake ulikuwa pointi 3.8 na asisti 3.3 kwa mchezo. Takwimu hizo karibu zote ni za baada ya ajali, hivyo hazionyeshi ni mchezaji gani wa NBA ambaye angeweza kuwa.

Ukocha

Mwaka 2010 alianza kuwa msaidizi wa mdogo wake Dan katika Chuo cha Wagner, kisha Rhode Island. Mwaka 2013 alikuwa kocha mkuu wa Chuo Kikuu cha Buffalo, na mwaka 2015 aliipeleka timu hiyo katika mashindano ya taifa ya NCAA kwa mara ya kwanza katika historia yake. Mwaka huohuo alihamia Arizona State, ambayo aliifikisha katika mashindano hayo mwaka 2018, 2019 na 2023.